Waini ya Krismasi Tukuyu: ya 9,000 iliisha kwanza, ya 48,000 ikasubiri kesho yake

Wifi zangu walikuwa wameshagawana kuku, mchele na nyama kwenye kundi la WhatsApp kabla sijafungua simu. Nikabaki na vinywaji. Tukachanga shilingi 220,000, wanywaji wa waini tukiwa 12, na Krismasi yenyewe nyumbani kwa wakwe zangu Tukuyu, mwendo wa kama saa moja na nusu kutoka Mbeya mjini tunakoishi. Sina utaalamu wa kujivunia. Niliwahi kuhudumu mezani kwenye hoteli moja Iringa, na huko nilijifunza kuzibua chupa bila kuibana mapajani. Basi.

Mwanjelwa na Uhindini nilinunua Dompo mbili kwa 9,000 kila moja, nyeupe kavu ya Dodoma mbili kwa 14,000 kila moja, Four Cousins nyekundu tamu mbili kwa 22,000 kila moja, na Cabernet Sauvignon moja ya Afrika Kusini kwa 48,000. Zilizobaki, 82,000, nilimtumia mdogo wangu Dar aninunulie Graham Beck Brut, ile ya mapovu, maana ndoa yetu ilikuwa inatimiza miaka 10 na mume wangu anapenda vitu vya kishindo. Jumla chupa 8. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi 5 ukimimina kistaarabu. Shemeji zangu hawamimini kistaarabu.

Dompo iliisha kabla pilau haijashuka jikoni. Ni nyekundu, tamu, nzito na ina nguvu kuliko waini za kawaida, kwa hiyo mtu anayejimiminia glasi kubwa kama ya juisi atajua hajui. Mama mkwe, ambaye kwake kinywaji hiki kina jina moja tu, divai, ile ya Meza ya Bwana, alionja kidogo akasema, "Hii ndiyo yenyewe," akasogeza kikombe. Kikombe cha chai, si glasi. Ushauri wangu: isiwe ya kunywea chakula. Utamu ule unaufunika mchele wa Kyela wote, harufu na iliki. Iwekeni mwisho, na keki au ndizi mbivu, kwenye glasi ndogo.

Sasa nyeupe ya Dodoma. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo iliyonishangaza. Watu wengi huku kwetu wakiona neno kavu wanarudisha chupa rafuni, wanajua ni chungu. Si chungu, haina sukari tu. Wifi yangu mkubwa alileta mbasa wa Ziwa Nyasa kutoka Kyela, akawakaanga wakakauka pembeni, na ndimu juu. Nilizipoza zile chupa kwenye ndoo ya maji ya bomba, kwa kuwa umeme ulikatika tangu asubuhi, na anayeyajua maji ya Tukuyu mwezi wa 12 anajua hayahitaji friji. Dakika 40 zilitosha. Glasi ikatoka jasho, tonge la samaki, funda moja, na ile ndimu ya kwenye samaki ikawa kama imekutana na ndugu yake. Shemeji aliyekuwa anacheka waini ya elfu kumi na nne alikunywa tatu. Mtu akiniuliza thamani ya pesa, najibu hiyo, tena inatoka kwetu, Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Four Cousins ilipata wenyewe wake kwenye kitimoto. Nilikuwa nimeipangia kina dada wasiopenda ukali, lakini ilipokutana na nyama ile ya mafuta na kachumbari yenye pilipili, kila mtu akahamia huko. Pilipili inapenda utamu. Pombe kali bila utamu inaichochea tu. Ipozeni kidogo. Ikiwa ya uvuguvugu inakaa ulimini kama sharubati.

Cabernet ya 48,000 ndiyo niliyoibeba mapajani njia nzima, wenzake wakiwa kwenye buti. Jina lake silitaji, maana kosa lilikuwa langu. Kwanza nilisahau kizibuo nyumbani, na ilikuwa na kizibo kile cha gome. Shemeji mdogo akakisukuma ndani kwa mpini wa mwiko, waini ikaruka hadi kwenye pazia, na tukamimina kwa kuchuja na chujio la chai. Pili, niliitoa pamoja na kuku wa pilipili. Vibaya sana. Waini nyekundu kavu ina tanini, ule ukakasi unaokausha fizi kama ndizi mbichi, na pilipili ikiongezeka hapo mdomo unawaka. Kwa mila za Kinyakyusa mkamwana hasogeleani na baba mkwe, kwa hiyo glasi ya mzee ilikwenda kwa mkono wa mume wangu, na maoni yakarudi kwa mdomo wake: "Mzee anasema ni dawa ya kikohozi, na hajakohoa." Meza nzima ilicheka. Mimi nilihesabu: karibu elfu kumi kwa glasi.

Ya mapovu nayo ilikuwa na vituko vyake. Ilitoka Dar kwa basi, imefungwa khanga ndani ya ndoo, ikafika imetikiswa barabara nzima. Ndani ya chupa ya namna hii kuna mgandamizo unaokaribia mara tatu ya tairi la gari dogo, na ndiyo maana kioo chake ni kinene na kizibo kimefungwa kwa waya. Ilipaswa kulala pahali pa baridi siku nzima. Mume wangu hakusubiri. Robo ya chupa ilimwagikia zege la uani. Kilichobaki, lakini, ni kitu kingine kabisa: kikavu, chepesi, na mapovu madogo madogo yanayopanda bila haraka. Mapovu hayo hutokea kwa waini kuchachushwa mara ya pili ndani ya chupa yenyewe, kama wafanyavyo Wafaransa kule Champagne, ila Afrika Kusini wanaiita Cap Classique. Kilichonichekesha ni kwamba Graham Beck na Four Cousins zote zinatoka mji mmoja, Robertson. Mtaa mmoja, bei mbili. Kwa sikukuu yenye sababu maalumu, ningelipa tena hiyo 82,000. Kwa Krismasi ya kawaida, hapana.

Nigusie na duka moja mjini ambako niliongeza nyeupe nyingine kwa hela yangu. Ilikuwa imesimama dirishani juani, sijui tangu lini. Nyumbani nikaimimina, rangi ya chai ya rangi, harufu ya tufaha lililooza. Siku hizi nachukua ya nyuma kabisa ya rafu, naiinua kwenye mwanga, na kama kizibo kimejisukuma juu naiacha.

Halafu kuna hili la joto. Tunaambiwa waini nyekundu inywewe kwa joto la chumbani, na watu wa Dar wanaitii kauli hiyo kwenye chumba cha nyuzi 30, wanakunywa supu. Chumba kilichokusudiwa ni cha Ulaya ya zamani, nyuzi 16 hadi 18. Hicho chumba tunacho sisi. Jioni ya mvua Tukuyu, chupa ikikaa kwenye sakafu ya saruji, imeshafika. Hatuna cha kuongeza, labda sweta.

Nusu ya Cabernet tuliifunika kwa plastiki tukaiacha kabatini. Tarehe 26 mchana ukachinjwa mbuzi, mbavu zikachomwa kwa chumvi tupu, hakuna pilipili. Nikajimiminia kidogo kwa uchoyo tu, ili isitupwe. Ilikuwa imelegea. Ukakasi uliyeyukia kwenye mafuta ya mbuzi, ikatokea harufu ya zambarau ambayo jana yake sikuisikia kabisa. Nikamwita mume wangu aonje, akarudi kwa baba yake na glasi. Baada ya dakika kama kumi alirejea mlangoni, glasi tupu mkononi.

"Mzee anauliza kama ile dawa ya kikohozi imebaki."