Kitara cha Masajini wa Japani: Soma Namba Kabla Hujalipa

Habari zenu watazamaji wangu. Nilichoshika hapa ni kitara cha masajini wa jeshi la nchi kavu la Japani, Aina ya 95. Hiyo 95 isikuchanganye: kwa hesabu ya Wajapani ulikuwa mwaka 2595, ambao kwetu ni 1935.

Tuanze na mpini. Kwa mbali utaapa umesukwa kwa uzi. Haukusukwa. Ni aluminiamu iliyosubiwa, ikapakwa rangi. Vya mwanzo kabisa mpini ulikuwa wa shaba. Ukikuta mpini wa mti usikitupe haraka, maana Vita vya Pili vya Dunia vilipokaribia kwisha madini yaliadimika, wakatumia mti.

Sasa sogeeni karibu na kamera. Hapa kwenye ubapa, jirani na mpini, pana namba. Tazameni zilivyo ndogo, zimegongwa moja moja, zimenyooka. Nakala nyingi za bandia hukosea hapahapa: namba kubwa mno, zimechimbwa mno, zimepishana kama meno ya mtoto. Kisha geuza ala usome mdomoni mwake. Namba zikiwa moja, moyo utulie. Zikitofautiana si lazima kiwe bandia. Mwaka 1945 silaha zilisalimishwa kwa malundo na ala zikabadilishana.

Vya maofisa ni habari nyingine. Mpini unashikiliwa na kijiti cha mwanzi. Ukikitoa, unauona msuka, yaani mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, na mara nyingine fundi ametia jina lake hapo. Chapa ya nyota ni ya mafundi walioidhinishwa na jeshi, waliofua kwa njia ya asili. Kutu ya msuka ndiyo shahidi wako mkuu: ya miaka mingi ni nyeusi na imetulia, ya kughushi ni nyekundu na inaacha unga kidoleni. Nawasihi, msiiguse kwa msasa! Ukiifuta umefuta umri wake.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu babu zetu wa Keya, yaani jeshi la kikoloni la Waingereza (King's African Rifles), Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walipigana na jeshi lililobeba vitara hivi kule Burma mwaka 1944, bonde la Kabaw hadi mto Chindwin. Kikitokea kimoja ndani ya sanduku la marehemu, kipake mafuta mepesi kwenye ubapa tu, msuka uuache.

Hiki changu namba zimelingana. Dosari ni skrubu ya mpini: kuna mtu aliifungua kwa bisibisi isiyoenea, akaichubua kichwa.