Masanduku 250: Tathmini ya Mazoezi ya Drawabox

Kwa yeyote anayetaka kuchora nyumba na vyombo vya Lamu kwa mkono, bila kunakili picha ya simu, sijaona mazoezi ya bure yenye manufaa kuliko yale ya masanduku 250 katika Drawabox, tovuti inayofundisha kuchora. Mwanafunzi huagizwa kuchora masanduku hayo kwa kalamu ya wino, ikiwezekana yenye ncha ya milimita 0.5, kila moja likiwa na mwelekeo wake, matano au sita katika ukurasa. Penseli na kifutio havina nafasi. Jambo hilo humtia hofu anayeanza, lakini ndilo linalomfunza kuamua mapema: hupitisha kalamu hewani juu ya njia ya mstari mara kadhaa, kisha akauchora kwa mpigo mmoja.

Sanduku huanza kwa mistari mitatu inayotoka katika nukta moja, kwa umbo la herufi Y, na mingine yote hufuata mielekeo hiyo. Thamani kubwa ya mazoezi, kwa maoni yangu, imo katika ukaguzi. Ukurasa ukishajaa, mwanafunzi huchukua kalamu ya rangi nyingine na kuirefusha mistari kuelekea upande ulio mbali na mtazamaji. Kila sanduku lina makundi matatu ya kingo nne nne, na kwa kuwa kingo za kila kundi ni sambamba katika sanduku halisi, mchoroni hazina budi kukaribiana kadiri zinavyokwenda mbali, zikielekea nukta moja ya kukutania. Hapo wino mwekundu hufichua kile ambacho jicho lilikisamehe, na mara nyingi mkosaji ni ukingo wa nyuma, ule usioonekana, uliotanuka badala ya kuwakaribia wenzake.

Nimeyapima mafunzo hayo kwa kasha la kale lenye njumu za shaba, la aina ambayo bado huonekana katika baadhi ya nyumba za Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu. Likifungwa ni sanduku moja. Kifuniko kikiinuliwa nusu, huwa mawili, na kifuniko hushiriki na mwili wa kasha nukta moja tu ya kukutania, ile ya upande wa bawaba, ilhali nyingine mbili hubadilika. Aliyezoea kuyageuza masanduku huliona hilo mara moja.

Upungufu upo. Masanduku haya huelea, hayana ardhi wala usawa wa macho. Anayetaka kuchora uchochoro wa Langoni, mtaa mwingine wa Lamu, atahitaji kujifunza zaidi jinsi mistari ya mabaraza, yaliyo chini ya macho yake, inavyopanda kadiri inavyokwenda mbali, na ile ya dari za juu inavyoshuka, hadi zote zifikie kimo cha macho. Hata hivyo, kuta za kale za mawe ya matumbawe hupinda pamoja na njia, hivyo kila ukuta huwa na nukta yake ya kukutania, na kwa kazi hiyo mazoezi haya humwandaa mtu vizuri sana.

Maelezo yake ni ya Kiingereza, tena marefu, kwa hiyo anayewafundisha vijana itambidi awaeleze mwenyewe kwa Kiswahili. Asiiache kanuni ya kutumia nusu ya muda wa kuchora kwa michoro ya kujifurahisha, kwani masanduku matupu huchosha haraka. Ukaguzi wa wanafunzi wenza ni bure, na ule rasmi hulipiwa. Kwa kurasa za mwanzo, kujikagua kwa kalamu nyekundu kunatosha.