Kabla ya mashine ya kuoshea vyombo, nunua waya: njia za umeme wa jikoni kutoka bora hadi ya kukataa

Desemba iliyopita mama mmoja wa Kiborloni alinipigia simu, watoto wake wakiwa wamerudi nyumbani kwa sikukuu. "Fundi, kijana wangu ameniletea mashine ya kuoshea vyombo kutoka Ujerumani. Njoo tu uichomeke." Nilifika, nikamwamkia, nikaomba nione breka. Zilikuwa mbili: moja ya taa, nyingine ya soketi zote kuanzia sebuleni hadi jikoni. Kwenye hiyo moja kulikuwa na friji, maikrowevu, birika la umeme na pasi. Nikamwambia, "Mama, mashine ni nzuri, lakini kwa sasa haina pa kuchomekwa."

Simu za namna hii zinaongezeka, Moshi na Arusha pia. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, na watu wengi wameanza kununua majiko ya presha ya umeme, oveni na birika. Ila waya zilizomo ukutani ni zile zile za enzi ambapo jiko lilihitaji balbu moja na soketi ya redio. Ndiyo maana hapa sipangi mashine. Napanga njia za kuifikishia mashine umeme, kuanzia ile ninayoifunga kwa mama yangu mzazi.

Hesabu ni moja tu. Soma wati kwenye kibandiko cha kifaa, gawanya kwa 230, unapata ampea. Mashine ya kuoshea vyombo ya wati 2000 inavuta karibu ampea 9, na karibu zote zinaenda kwenye hita ya kupasha maji joto, kwa sababu pampu yake inakula kidogo sana. Birika la wati 2200 linavuta kama 9.6. Maikrowevu inayokula wati 1300 inavuta 5.7. Viwashe vyote vitatu saa moja asubuhi, tayari uko kwenye 24, wakati breka ya soketi kwa kawaida ni ya 20. Friji sijaihesabu.

Nafasi ya kwanza: laini ya peke yake

Waya wa shaba wa 2.5 (namba ya waya ni unene wake kwa milimita za mraba) kutoka kwenye breka hadi soketi moja, breka ya ampea 16 au 20, hakuna kingine kinachopita humo. Hii inatosha kwa mashine ya vyombo, mashine ya kufulia, au oveni ndogo ya plagi. Jiko kubwa la umeme lenye oveni na sahani nne ni jambo jingine: hilo linataka waya wa 6, breka ya 32 na swichi yake kubwa ya jiko ukutani, na halichomekwi kwenye soketi ya kawaida hata kwa siku moja.

Breka inalinda waya. Watu wengi wanadhani inalinda mashine, ndipo wanapomwambia fundi aweke breka kubwa zaidi "isiruke ruke". Ukiweka breka ya 32 kwenye waya wa 1.5, breka haitaruka, ni kweli, ila waya utapika ukutani mpaka plastiki iyeyuke. Ukisikia fundi anakupa ushauri huo, mlipe nauli aende.

Kwenye laini hii ongeza RCD ya miliampea 30. Ni kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja kwenda mahali pasipotakiwa, mathalani kwenye mwili wa mtu aliyesimama sakafu yenye maji. Kina kitufe cha T. Kibonyeze kila mwezi uone kama kinakata. Jikoni, ambako maji na umeme vinakaa chumba kimoja, sioni sababu ya kukiruka kwa ajili ya kubana matumizi.

Na ethi, yaani waya unaoupeleka ardhini umeme uliovuja. Hapa kwetu hili nalisisitiza kuliko yote. Fimbo ya ethi ikipigwa kwenye udongo mkavu haina kazi kubwa, kwa sababu udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida. Nimekuta nyumba za Njiro na Sakina ambazo fimbo imepigwa kwenye changarawe chini ya paa, mahali pasipofikiwa na tone la mvua. Ipige penye unyevu mwaka mzima: kwenye migomba, au karibu na maji ya bomba la nje yanapomwagikia. Halafu dai fundi aipime kwa kifaa, asikuambie "iko poa" kwa macho.

Nafasi ya pili: saketi moja ya soketi zote za jikoni

Kama huwezi kuchimba ukuta mara tatu, vuta waya wa 4 na breka ya 25 kwa ajili ya soketi za jikoni peke yake, utenge na sebule. Hapo unaweza kuendesha mashine ya vyombo na birika kwa pamoja, lakini si oveni juu yake. Familia nyingi zinatoshwa na hii.

Wapo mafundi wanaopenda ringi: waya wa 2.5 unaozunguka soketi zote na kurudi kwenye breka ya 32. Kitaalamu ni sahihi. Ninaishusha kwa sababu moja: ringi ikikatika mahali, soketi zote zinaendelea kuwaka kama kawaida, na hakuna anayejua kwamba sasa waya mmoja wa 2.5 unabeba mzigo uliokusudiwa kugawanywa njia mbili chini ya breka ya 32. Kwenye nyumba ambayo kila mwaka mtu anaongeza soketi, ringi haidumu salama.

Nafasi ya tatu: soketi iliyopo

Inakubalika kwa muda, kwa masharti. Waya uliomo uwe wa 2.5 kweli, ethi iwepo, na mashine ikiwa inafanya kazi birika lipumzike. Soketi pacha, ya kuchomeka plagi mbili, haikuundwa kubeba ampea 13 kila upande kwa saa mbili mfululizo. Gusa uso wake baada ya dakika ishirini; ukiwa wa moto, acha.

Ya kukataa: ekstensheni

Nyingi zina waya mwembamba kuliko wa taa. Ikiwa imekunjwa nyuma ya kabati, joto halina pa kutokea.

Dukani, waya ndio utapeli ulipojificha. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Sumaku haisaidii, maana haivuti shaba wala alumini. Kwangua kwa kisu: ndani ukiwa mweupe, rudisha. Au pima uzito. Shaba peke yake katika roli la mita 100 la waya wa 2.5 ina kilo 2.2, bado plastiki. Roli zima likisoma chini ya hapo, shaba haijatimia. Anayevuta waya awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji.

Mashine za mtumba: soma volti kabla ya bei. Za Marekani ni za volti 120, za Japani 100, na transfoma ya kubeba wati 2000 ni kubwa na ghali, ziache. Za Uingereza na Dubai zinaingia moja kwa moja. Za Ujerumani zina volti sahihi ila plagi yake ni ya duara, na ethi yake iko pembeni. Adapta nyingi za bei rahisi hazigusi hiyo ethi kabisa, kwa hiyo mashine inafanya kazi vizuri tu huku haina ulinzi.

Umeme mdogo wa jioni hauui hita. Ukishuka hadi volti 190, hita ya wati 2000 inatoa kama 1365, kwa hiyo mashine itachelewa kumaliza. Friji ndiyo inayohitaji kifaa chake cha kulinda.

Kwa yule mama nilivuta laini ya peke yake, nikakata plagi ya Kijerumani na kufunga ya pini tatu: kahawia kwenye L, bluu kwenye N, kijani na njano kwenye ethi. Soketi niliiweka kwenye kabati la jirani, ili ifikiwe kwa mkono bila kuvuta mashine, na maji yakivuja yasiikute.