Vitufe 16 vinatosha

Ngoma kubwa ya kwanza niliyoipiga haikusikika. Nilikuwa nimechomeka kisanduku kwenye spika ndogo ya mezani, nikabonyeza, taa ikawaka, kimya. Nikadhani nimeuziwa kibovu. Kumbe kinalia, ila chini mno, mahali ambapo spika ya ukubwa wa kikombe haifiki. Nilipovaa hedifoni ndipo nikajua nimenunua nini. Nikazivua, nikapumua, nikazivaa tena.

Kisanduku chenyewe ni mashine ya ngoma, nakala ndogo ya TR-808, au 808 kwa kifupi, ambayo kampuni ya Roland iliitoa mwaka 1980. Waliokitengeneza siwataji. Nakala za namna hii ziko nyingi na zinafanana kama watoto wa tumbo moja, kwa hiyo haya ninayoyasema yatakufaa hata ukichukua ya kampuni nyingine. Nimekaa nacho miezi mitano. Mimi si mwanamuziki, ni mwalimu wa hesabu, na nilikinunua kwa sababu ya ubishi.

Kaka yangu, ambaye mwaka 1985 alikuwa kijana wa kucheza mpaka viatu vinaachia soli, anashikilia kwamba muziki wa dansi wa umeme wa miaka ile unadumu kwa sababu watu wa rika lake wanakumbuka ujana wao. Mimi nikamuuliza: na binti yangu wa miaka 16, anayeniomba niongeze sauti kila nikiuweka, yeye anakumbuka ujana gani? Akasema mtoto amerithi. Nikasema basi ngoja niifungue mashine yenyewe nione kuna nini ndani.

Ndani kuna kidogo sana, na hapo ndipo utamu unapoanzia. Mbele kuna mstari wa vitufe 16: vinne vyekundu, vinne vya rangi ya chungwa, vinne vya njano, vinne vyeupe, kama kwenye ile ya asili. Huo mstari ni kipande kimoja cha wimbo, kinachozunguka bila kukoma. Unachagua ngoma, unabonyeza pale unapotaka ilie. Weka ngoma kubwa kwenye 1, 5, 9 na 13. Weka makofi kwenye 5 na 13. Haihati iliyo wazi, yale matoazi mawili ya kukanyagwa kwa mguu, iweke 3, 7, 11 na 15, ile sauti ya “tss” inayoingia katikati ya hatua mbili kama mtu anayevuta pumzi. Hujamaliza dakika moja na tayari una kiunzi cha nyimbo elfu. Sasa chukua kofi la 13 ulirudishe kwenye 12. Kitufe kimoja tu! Mdundo uliokuwa umesimama wima unaanza kuchechemea, na mabega yako yanajua kabla yako. Nimefundisha hesabu za masalio kwa miaka, saa inayozunguka na kurudi sifuri, na sijawahi kuwa na kielelezo kizuri kuliko hiki.

Sauti zake hazifanani na ngoma. Hili ni la kuliweka wazi kwa anayetaka mpigaji wa kumsindikiza kwenye gitaa: atajuta. 808 haikuwa na sauti zilizorekodiwa. Ngoma yake kubwa ni saketi inayopigwa kibao cha umeme, ikalia kama kengele na kufifia. Ile inayoitwa kengele ya ng’ombe haifanani na kengele yoyote iliyowahi kuvalishwa ng’ombe. Ni milio miwili ya umeme iliyogongana ikakataa kupatana. Mwaka huohuo wa 1980 mbunifu Roger Linn alitoa mashine yake ya ngoma, LM-1, iliyobeba sauti za ngoma za kweli, kwa takriban dola 5,000. 808 iliuzwa dola 1,195, na wengi waliiona ni kichekesho. Ilipofika 1983 Roland wakaiacha, baada ya mashine kama 12,000 hivi. Mwanzilishi wa kampuni hiyo, Ikutaro Kakehashi, alieleza kwamba transista walizotumia zilikuwa zile zenye hitilafu, na viwanda vilipojifunza kutengeneza nzuri, mbovu zikaadimika. Yaani iliuawa na maendeleo.

808 zilizobaki zikaishia kwenye maduka ya vitu vikuukuu, bei ya chee, na huko ndiko zilikookotwa na vijana wasio na kitu. Mwanamuziki Prince alifanya maajabu na LM-1, kwa hiyo msinisikie nikiidharau. Ila sauti inayoiga ngoma, sikio huilinganisha na ngoma. Ya 808 huna cha kuilinganisha nayo. Binti yangu anaisikia leo kama ilivyosikika siku ya kwanza, mlio tu, na hauna mwaka.

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine niliipata wiki ya sita, baada ya kuchoshwa na mdundo wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeuacha uzunguke huku nasahihisha madaftari. Nikanyoosha mkono bila kuangalia, nikashika kifundo kinachoamua ngoma kubwa ifie haraka au ivute, nikakizungusha polepole kuelekea kulia. Vitufe havikubadilika hata kimoja. Lakini chumba kilibadilika. Ngoma iliyokuwa ikigonga ikawa inaguna, mguno wa kwanza ukaanza kuushika mkia wa pili, na kalamu yangu ikasimama. Nikakirudisha kushoto, kila kitu kikakauka. Daftari lile nililisahihisha kesho yake.

Wenye historia hii wanakujua ninakoelekea: TB-303, mashine ya besi. Roland waliitoa mwanzoni mwa miaka ya themanini impigie besi mpiga gitaa asiye na mwenzake, na kwa kazi hiyo ilikuwa hasara. Noti unaziingiza kwanza, muda wake unauingiza baadaye, na ukikosea kidogo unapata besi ambayo hakuna mtu angeitunga kwa kukusudia. Ikaachwa kutengenezwa. Vijana wa Chicago waliojiita Phuture wakaipata iliyotumika, wakauacha mstari mmoja uzunguke, na mmoja wao, DJ Pierre, akaanza kuvichezea vifundo mpaka besi ikawa inalia kama kiumbe. Santuri yao ya 1987 inapita dakika 10, na karibu kila kinachotokea humo ni mkono wa mtu unaozungusha. Husimuliwa kwamba DJ Ron Hardy alipoupiga wimbo huo pale klabu ya Music Box watu waliondoka ukumbini wakamwachia sakafu. Akaupiga tena usiku uleule, na tena. Mara ya nne wakapagawa. Mimi naiamini hadithi hii kwa sababu mwili wangu ulifanya hivyohivyo: ilichukua wiki sita.

Kwa hiyo nakala hii naipima kwa vifundo vyake, na hapa nina malalamiko. Vimebanana. Ukizungusha cha ngoma kubwa, kucha inakisukuma cha sneya, ile ngoma ndogo kali. Vingine vinalegea na vingine vizito, kama vimetoka viwanda viwili. Na katikati wamepachika skrini ndogo yenye midundo 300 iliyokwisha kutengenezwa, kila mmoja una jina lake. Nilipoteza majuma mawili nikiipitia kama mtu anayefungua makabati ya jiko la mwenzake. Mizuri, ndiyo, tena ina madoido kuliko yangu. Lakini hakuna hata mmoja niliousikiliza zaidi ya dakika moja, kwa kuwa sikuwa nimeweka kitu humo, basi sikuwa na cha kungojea. Nimebandika utepe mweusi juu ya skrini. Tangu hapo tunaelewana.

Kitufe cha kuanzishia nacho kilianza kujibonyeza mara mbili nikiwa nacho siku kumi. Muuzaji alikichukua, akakaa nacho wiki tatu, akanirudishia na maelezo kwamba hakuona tatizo. Tatizo limeisha, sijui kwa dawa gani.

Betri nne ndogo zinafika jioni tatu, nne ukiwa mpole. Chaja inaleta mvumo kwenye hedifoni, kwa hiyo mimi ni mtu wa betri. Tundu la hedifoni wameliweka nyuma, mahali pa kulitafuta kwa kupapasa.

Jambo ambalo nakala inaishinda ile ya asili ni kuongea na wenzake. 808 ilizaliwa kabla ya MIDI, ile lugha ya pamoja iliyoanza 1983, ambayo ilifanya mashine za kampuni tofauti zishikane mikono na kwenda mwendo mmoja. Ndugu yake, TR-909, aliipata. Ndiyo ambayo DJ Frankie Knuckles, wa klabu ya Warehouse iliyoupa muziki wa dansi wa house jina lake, aliinunua kutoka kwa mwanamuziki Derrick May wa Detroit, akaiweka chini ya santuri za disko ili mguu uzidi uzito. Kisanduku changu kina MIDI na waya wa kompyuta pia. Nimeutumia waya huo mara moja. Ukiwa na kinanda cha umeme nyumbani, utaushukuru.

Kaka alikuja mwezi uliopita. Nilimwekea mdundo wangu wa kawaida, 1, 5, 9, 13, nikamkabidhi. Hakuuliza kitu. Aliweka kidole kwenye kifundo cha ngoma kubwa, akakileta kulia taratibu mno, macho yamefumba, na nilipodhani ameshafika akakirudisha nyuma kidogo. Binti yangu akatoka chumbani kwake. Akayaondoa makofi yote, akatungojesha kwa mizunguko minane (nilihesabu, ni ugonjwa wa kazi), akayarudisha kwa mkupuo, na kaka yangu, mtu wa magoti mabovu, akasimama.

Ubishi hatukuumaliza. Nilimkumbusha mlangoni, akasema tutaongea akikirudisha kisanduku. Aliniomba akichukue kwa siku mbili. Leo ni ya kumi na tisa, na kila nikipiga simu nasikia haihati nyuma yake.