TAHADHARI: Masega ya pikapu ya bei chee, ndani hamna kitu

Wenye pikapu za petroli, kama taa ya injini imewaka na kuna mtu mtandaoni anakuuzia masega ya ekzosi (kile kifaa cha kusafisha moshi, "catalytic converter") "mapya, kiwango cha California" kwa bei inayokufanya uone wengine wote ni wezi, usitume hela kwanza. Mimi nilituma.

Gari yangu ni V6, kila upande wa injini una masega yake. Upande wa kwanza ulileta P0420, yaani kompyuta imeona masega ya upande huo hayasafishi moshi inavyotakiwa. Upande wa pili ulikuwa mzima. Nikampata huyu muuzaji, mpole, anajibu haraka, kila neno "bosi wangu". Akanipa na ofa: nikimtumia masega ya zamani, ananipunguzia bei. Hapo ndipo aliponipiga kweli, maana ndani ya masega ya kiwandani kuna platini, paladi na rodi, na hata yakichoka madini hayo huwa bado yamo kwa kiasi kikubwa. Nilimpa mali, akanipa bati.

Mzigo ulipofika niliona umetengenezwa vizuri: unang'aa, weldi safi. Ndani ya boksi kulikuwa na zawadi, kijibomba kifupi chenye nyuzi na kitundu kidogo katikati. Nikamuuliza ni cha nini. "Kinga ya sensa bosi wangu, usiache kukifunga." Fundi akakifunga, taa ikazima, nikamshukuru muuzaji na nyota tano nikampa. Nyota zile nazijutia kuliko hela.

Wiki tatu baadaye taa ikarudi. Safari hii nilikwenda kwa fundi mwingine, akachomeka mashine na kufungua grafu za sensa za oksijeni za nyuma, zile zinazopima moshi ukishapita kwenye masega, pande zote mbili kwa pamoja. Upande wa zamani, ambao masega yake yamekaa humo tangu gari itoke kiwandani, mstari umetulia karibu na volti 0.7. Upande "mpya" unapanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9, unacheza sawasawa na sensa ya mbele. Maana yake moshi unaingia na kutoka vilevile. Kile kijibomba kazi yake ilikuwa kuisogeza sensa mbali na moshi ili isione vizuri, na kwa wiki tatu kilifanikiwa.

Tukalifungua bati kwa grainda. Urefu wote ule wa bati, ndani kuna kipande cha sega kisichozidi upana wa vidole vitatu, matundu makubwa ya kupitisha njiti ya kiberiti, na nafasi iliyobaki imejazwa pamba ya waya. Masega ya kiwandani kwa kawaida yana matundu 400 hivi kwa kila inchi ya mraba, mengine zaidi. Ukichungulia kwa tochi unaona kama kitambaa.

Kuhusu hiyo California: masega yaliyoidhinishwa kule hugongwa namba ya EO, yaani namba ya kibali chake, kwenye bati lenyewe, pamoja na namba ya spea, tarehe ya kutengenezwa na mshale wa kuonyesha moshi unakoelekea. Nilipomwomba namba ya EO alinitumia picha ya stika ya boksi. Nilipaswa kuishia hapo, lakini nilishapenda bei.

Kuna pia video yake ya sumaku, anaonyesha haishiki, eti ndiyo dalili ya chuma bora. Ekzosi nyingi za kiwandani ni chuma cha pua aina ya 409, na sumaku inaishika vizuri tu. Aina ya 304 ndiyo haishikwi. Vyovyote iwavyo, sumaku inazungumzia bati la nje, na mimi sikuwa nanunua bati.

Jambo lingine lililonipita: hakuniuliza hata swali moja kuhusu injini. Masega hayafi bure. Plagi au koili ikipiga misi, petroli isiyoungua huenda kuungulia humo ndani, joto linapanda mpaka sega linayeyuka. Injini inayokula oili huyapaka uchafu mpaka yanaacha kufanya kazi. Na ekzosi ikivuja karibu na sensa unaweza kupata P0420 ilhali masega ni mazima. Kwangu ilikuwa koili moja, imegundulika juzi. Hata angeniuzia kitu halali kingeungua vilevile, ingawa hilo halimsafishi.

Ya zamani sitayapata tena. Nimemwandikia mara mbili, ya pili akanizuia. Tangazo bado lipo, na picha aliyoweka mbele ni ya masega ya kiwandani kabisa. Akikupata, mwombe picha moja tu: ya mdomo wa bati, tochi imewashwa, namba ya bati inaonekana pembeni. Mimi aliniambia kiwanda hakiruhusu kutoa plastiki za mdomoni kabla ya kufunga. Ukisikia maneno hayo, ndiye huyo.