Makumbusho ya Nairobi mkiwa wawili: siku ya kwanza ianzie hapa

Wageni wengi wa likizo hukimbilia mbugani alfajiri ya siku ya kwanza, na kufikia saa sita mchana washachoka na kununiana. Kwa wawili waliosafiri usiku kutoka pwani, Makumbusho ya Kitaifa pale Museum Hill yanafaa zaidi: ni ya kutembea polepole, mvua ikinyesha hailowi mtu, na katikati ya jiji ni pua na mdomo.

Milango hufunguliwa saa mbili unusu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja unusu jioni, kila siku. Usibebe pesa taslimu ukidhani utalipia dirishani. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ada hutegemea uraia, kwa hivyo kila mmoja awe na kitambulisho au pasipoti yake. Mkitaka pia bustani ya nyoka iliyo jirani, lipieni tiketi ya pamoja tangu mwanzo. Wanaoamua baadaye huanza upya na simu mkononi.

Kutoka mjini, pandeni matatu ya Westlands au Kangemi na mumwambie makanga mapema kwamba mnashuka Museum Hill. Ukikumbuka gari likiwa limeshapita, utarudi kwa miguu kando ya barabara kuu. Nauli hupanda mvua ikianza, basi bebeni noti ndogo. Simu isikae karibu na dirisha lililo wazi: gari likisimama kwenye foleni, mkono mmoja tu hutosha kuichukua.

Ndani, kosa la kawaida ni kumaliza nguvu kwenye ukumbi wa ndege. Kuna mamia ya ndege waliokaushwa, na baada ya kabati la tatu wote hufanana isipokuwa kwa mpenzi wa ndege. Anzeni na chimbuko la binadamu. Hapo ndipo makumbusho haya yanapoyashinda mengi duniani. Kijana wa Turkana, ambaye mifupa yake iligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko Nariokotome, aliishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, na kiunzi chake kimekamilika kiasi kwamba unaona mtoto, huoni vipande. Tengeni saa nzima. Kisha tafuteni picha alizochora Joy Adamson za watu wa jamii za Kenya wakiwa na mavazi yao ya jadi. Wawili wa makabila tofauti hawakosi la kubishania hapo, hasa kuhusu shanga za nyanya ya nani zilikuwa nzuri zaidi.

Sanamu ya ndovu Ahmed wa Marsabit, aliyelindwa kwa amri ya rais mwaka 1970 na kufa 1974, iko nje uani. Picha ni dakika tano. Nyoka waachieni mwisho. Damu yao hutegemea joto la nje, na asubuhi ya baridi ya Julai mtatazama kamba iliyojikunja tu. Siku za shule, vikundi vya wanafunzi hujaza kumbi. Vikiingia, hamieni ukumbi mwingine na mrudi baada ya nusu saa.

Chakula cha mchana kifuateni mjini: Ranalo, ambayo wengi huiita K'Osewe, barabara ya Kimathi. Samaki mzima mmoja wa mchuzi, ugali na osuga (mboga ya mnavu) huwatosha wawili wasio na njaa ya kulima. Aliya, yaani nyama iliyokaushwa juani, ni nzuri ila ina uzito. Ukiila, jioni hutembei. Epukeni saa saba hadi saa nane, wakati watu wa ofisi wote wako mezani.

Mkibaki na nguvu, KICC, jumba la mikutano la Kenyatta, iko karibu. Jumba hilo la ghorofa 28 lilikamilika mwaka 1973, na juu yake huonekana milima ya Ngong upande wa jua kutua. Ulizeni chini kwanza kama paa liko wazi. Kati ya Juni na Agosti wingu huweza kukaa chini siku nzima, na hapo heri kutazama jengo lenyewe kutoka uani, bure. Bebeni sweta: jiji liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Mombasa hulijua hilo saa kumi na mbili jioni, akiwa stejini na fulana ya mikono mifupi.