Kibodi ya vipande viwili: kwa nini nilibaki na vitufe 42

Kama kazi yako ni kuandika Kiswahili kutwa, chukua Corne, kibodi ya vipande viwili yenye vitufe 42, na uachane na zile za 36 na 34, hata zikupendeze namna gani. Mimi ni mfasiri, naishi Kisumu, na nilianza kutafuta kibodi iliyokatwa katikati kwa sababu vifundo vya mikono vilikuwa vikiniuma kila jioni. Kibodi ya kawaida huikutanisha mikono mbele ya kifua, viganja vikapinda kuelekea upande wa kidole kidogo. Hii kila nusu unaiweka usawa wa bega lake. Mwenzangu wa ofisini alipoiona mara ya kwanza aliuliza, "Omera, kibodi yako imevunjika?"

ErgoDox EZ, yenye vitufe 76, niliikataa mapema. Mkono wangu ni mdogo na vile vitufe vya gumba viko mbali. Sofle ina 58 pamoja na safu ya tarakimu. Mhasibu anaweza kuishia hapo. Corne haina safu hiyo kabisa: kila nusu ina safu tatu za vitufe sita, na vitatu vya gumba. Ukishikilia kitufe kimoja cha gumba, herufi zinageuka kuwa tarakimu. Nilidhani jambo hilo litanisumbua, lakini lilizoeleka haraka.

Zile za 36 hupatikana kwa kuondoa safu wima ya pembeni kila upande, na kwa mpangilio wa kawaida wa QWERTY hapo ndipo king'ong'o (ile alama ya ') kinapopotea. Anayeandika Kiingereza anaweza kuificha alama hiyo asiikumbuke sana. Mimi naandika ng'ambo, ng'ombe, kung'ang'ania, na Dholuo nayo inakitaka vilevile. Kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja kila nikifika hapo? Hapana.

Kisha kuna mpangilio wa herufi, na hapa ndipo nilipofurahia zaidi. Jaribu kuandika "muhimu" kwa QWERTY: neno zima liko mkono wa kulia, na kidole cha shahada kinafanya karibu kazi yote. Nilihamia Dvorak, mpangilio mwingine wa herufi. Dvorak, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1936, imeweka irabu zote tano kwenye safu ya kati, mkono wa kushoto. Ilitungwa kwa ajili ya Kiingereza, ila kwa lugha ambayo silabi zake nyingi ni konsonanti ikifuatwa na irabu, mikono inapokezana vizuri sana: ma-ta-ta, ha-ba-ri, sa-la-ma.

Kasoro yake ni K. Iko kushoto, chini kabisa, kwa kidole kilekile kinachobonyeza U na I. Sasa hesabu ki- na ku- zilizo katika aya moja tu ya Kiswahili! Nilibadilishana K na V, K ikahamia kulia. Vitu na vyombo ndivyo vinavyolipa gharama, maana sasa V, I, U na Y ziko chini ya kidole kimoja, lakini hiyo naivumilia. Mpangilio huo unahifadhiwa ndani ya kibodi yenyewe, kwa hiyo nikiichomeka kwenye kompyuta ya saiba inafanya kazi bila kusakinisha programu yoyote.

Dukani sikuipata, niliagiza vipuri kutoka nje na kumpelekea fundi wa simu anilehemie. Fundi mzuri wa simu anaiweza kazi hii, ila mwonyeshe mapema upande ambao kila dayodi inapaswa kuelekea. Tundu la USB kwenye kile kibao kidogo cha Pro Micro, ambacho ndicho ubongo wa kibodi, ni dhaifu na hung'oka, kwa hiyo tulilizungushia gundi. Na ule waya unaounganisha nusu mbili usiuchomoe kibodi ikiwa na umeme, unaweza kuunguza saketi.

Maumivu yamepungua sana, ingawa kasi ilishuka mwanzoni na kurasa zangu zikachelewa. Kwenye kibodi ya laptopu bado narudi QWERTY na vidole vinachanganyikiwa kidogo.

Ukiagiza yako, chukua toleo lenye soketi za swichi. Inagharimu zaidi kidogo, lakini swichi ikifa unaing'oa na kuchomeka nyingine bila kurudi kwa fundi.